Bei ya Kutafuta Setingi

Katika daftari la matumizi la steshenari moja ya Ngamiani, jijini Tanga, neno "fundi" limeandikwa mara saba tangu mwaka uanze, na kila mara mbele yake pana 10,000. Mwenye duka ni mama wa makamo. Mimi namwita Shangazi, kama wanavyomwita watoto wote wa mtaa ule. Nilimwuliza fundi alikuja kufanya nini mara zote hizo. Akatazama daftari, akatazama dari.

"Hii maandishi yalikuwa madogo, sioni. Hii hapa printa ikawa haitoi, kumbe inatoa kule kwingine. Hii bando liliisha saa nne asubuhi, na nilikuwa nimeliweka saa mbili. Nyingine sikumbuki, mwanangu. Ila alikaa dakika mbili tu, akabofyabofya, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake."

Hakuna kifaa kilichobadilishwa siku hizo zote, wala programu iliyonunuliwa. Shangazi alikuwa analipia mtu anayejua kitufe kimekaa wapi. Shilingi 70,000 kwa vitufe, na mwaka bado mbichi.

Gharama hii hutaikuta kwenye karatasi ya bei ukienda kununua kompyuta. Muuzaji atakutajia RAM, atakusifia diski, atafungua na kufunga kifuniko kukuonyesha bawaba bado ngumu. Hatakwambia kukuza maandishi kunataka upitie madirisha mangapi. Basi nikaamua kuilinganisha mifumo kwa kigezo hicho. Sikuangalia kasi wala sura. Nilichukua kazi zile zile zilizomleta fundi na kutazama kila mfumo unaziweka wapi, na mtu asiyesomea kompyuta atafikaje huko bila kumpigia mtu simu. Nilitazama Windows 10, ambayo ndiyo ya kwake, Windows 11, Linux Mint, Kubuntu iliyo ndugu ya Ubuntu, ChromeOS Flex, na Mac kwa mbali.

Nianze na printa, maana ndiyo inayomlisha. Shangazi anazo mbili. Moja ni ya toneri nyeusi, ya barua, mitihani ya shule na wasifu wa vijana wanaoomba kazi bandarini au kwenye bomba la mafuta linaloishia Chongoleani. Ya pili ni ya wino wa rangi, ya picha za pasipoti na kadi za mialiko. Sasa, Windows 10 na Windows 11 zina swichi inayokuja ikiwa tayari imewashwa, inayoiachia Windows yenyewe isimamie printa ya kawaida. Maana yake ni kwamba printa uliyoitumia mwisho ndiyo inayopanda kuwa ya kwanza. Kwa mwenye laptopu anayehama kati ya nyumbani na ofisini, wazo hilo lina akili. Steshenari yenye printa mbili mezani linaitia hasara, kwa sababu ukishatoa picha ya pasipoti, barua inayofuata inaelekea kwenye wino wa rangi, na wino wa rangi ndio ghali. Zaidi ya hapo, mpaka uizime swichi hiyo hupewi hata kitufe cha kuichagua printa moja iwe ya kwanza siku zote. Iko kwenye ukurasa wa printa na skana, nje kabisa ya orodha ya printa zenyewe, mahali ambapo mtu aliyekwisha kuiona printa yake kwenye orodha hana sababu ya kuendelea kutafuta.

Linux Mint ina dirisha moja la printa. Unabofya kulia juu ya ile unayoitaka, unaichagua kuwa ya kawaida, na inabaki hivyo mpaka utakapoibadilisha wewe. Mac nayo, kwa taarifa yako, huja ikiwa imechagua "printa iliyotumika mwisho", kwa hiyo mtego ni ule ule, na bei yake tutaiona mbele.

Karibu na printa kuna jambo dogo linalokula karatasi. Mafundi wengi wanasimika Windows harakaharaka na kuiacha nchi ikiwa Marekani. Huko karatasi ya ofisi ni fupi na pana kuliko yetu, milimita 216 kwa 279, na A4 tunayonunua Tanga ni 210 kwa 297. Hati mpya zinafunguka kwa kipimo cha huko, mistari ya chini inaruka ukurasa, na mteja anadai karatasi yake irudiwe. Ukisimikiwa kompyuta, kabla printa hazijaunganishwa, mwambie fundi aweke eneo liwe Tanzania. Ni kazi ya nusu dakika. Na usishangae majira ya saa kwenye Windows yakiandikwa Nairobi, maana orodha yao haina Dar es Salaam. Saa ni ile ile. Linux inayo Dar es Salaam, kama jina linakuuma.

Tuje kwenye bando. Shangazi hana waya wa intaneti. Anawasha hotspoti ya simu, kompyuta inajiunga. Kwa kompyuta, Wi-Fi ni Wi-Fi tu, haijui kama nyuma yake kuna waya usio na kikomo au kuna mama aliyenunua GB zake kwa pesa ya asubuhi. Ikiona mlango uko wazi inaanza kushusha masasisho, na masasisho ya Windows yanaweza kufika mamia ya MB, mengine hata GB kadhaa. Swichi ya kuiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo ipo. Unaingia Settings, unafungua mtandao, unafungua Wi-Fi, unafungua tabia za mtandao uliojiunga nao, unateremka, hapo unaikuta. Ukiiwasha, Windows inajizuia kushusha mengi. Lakini swichi hiyo ni ya mtandao mmoja mmoja. Siku simu yako ikiisha chaji ukajiunga na ya kijana wa jirani, huo ni mtandao mpya na swichi imezimwa.

Kwa mtu wa bando, hapa Mint inashinda waziwazi. Msimamizi wake wa masasisho anakaa kwenye kona kama ngao ndogo. Anakuonyesha kilichopo na ukubwa wake, kisha anangoja. Mpaka umwambie aende, haendi. Ubuntu na ndugu zake huvuta masasisho ya usalama zenyewe, kwa hiyo wasikwambie Linux zote ni moja. Mac ina hali ya kubana data tangu toleo la Monterey la 2021, nayo ni ya mtandao mmoja mmoja vilevile.

Maandishi madogo sitayakawiza. Windows 11 ina milango miwili, mmoja wa kukuza kila kitu kwenye skrini, ulio upande wa skrini, na mwingine wa kukuza herufi peke yake, ulio upande wa ufikivu. Watu wanafungua wa kwanza, programu kuukuu zinageuka ukungu, wanakata tamaa. Jaribu wa pili. Kwenye Mint unaingia ukurasa wa fonti na kuandika kizidisho, mathalani 1.2, basi. Ubuntu yenye sura yake ya kawaida, GNOME, ina swichi moja ya maandishi makubwa, ya kuwasha au kuzima. Kati na kati ukiitaka, utasimika programu ya pembeni. GNOME wanasifiwa kwa mipangilio michache iliyo safi, na kweli ni safi, ila usafi huo umepatikana kwa kuvitoa vyombo nje ya nyumba.

Na kulala? Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na skrini yake tuikadirie wati 80. Ikiwaka saa 10 kwa siku, siku 26 za mwezi, hizo ni uniti 20.8, na kwa uniti ya LUKU ya takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo unapata kama 7,400 kwa mwezi. Nusu ya muda huo dukani hapana mteja. Ukiiambia ilale ikikaa dakika kumi bila kuguswa, unaokoa karibu 3,500 kila mwezi, yaani kama 42,000 kwa mwaka. Ni setingi moja, na mifumo yote inayo pahala pa wazi chini ya umeme. Hapa hakuna mshindi. Nimeiandika kwa sababu ya hizo elfu arobaini na mbili.

Kazi niliyoithamini kuliko zote Shangazi hakuniomba. Wateja wake wengine huandika wenyewe. Wanakaa, wanachomeka flashi, wanafungua barua pepe zao, wanashusha nakala ya kitambulisho cha NIDA, wanachapa, wanaondoka. Nakala inabaki. Nilipofungua folda ya vilivyoshushwa nilikuta sura za watu wa mtaa mzima, na namba zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mwenye steshenari anashika taarifa za watu hata kama hajioni hivyo. Akaunti ya mgeni iliondolewa Windows 10 ilipokuja. Unachoweza ni kuunda akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, na kuisafisha mwenyewe jioni. Mint ina swichi ya kuruhusu mgeni, kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia. Mgeni akitoka, alichoacha kinafutika chenyewe. ChromeOS nayo ina mgeni wa namna hiyo.

Sasa fedha. Dola nimeipiga kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Wewe angalia ya benki siku utakayolipa.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Haijazimika, kompyuta ya Shangazi inawaka kila asubuhi kama zamani. Kilichokoma ni viraka vya usalama, na duka linalopokea flashi za kila mpita njia ndilo linalovihitaji kuliko mtu yeyote. Microsoft waliweka nyongeza ya mwaka mmoja kwa watumiaji wa nyumbani, mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unaweza kuilipia dola 30, sawa na 75,000, au ukaipata bila pesa kwa kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwao. Akaunti moja inabeba hadi kompyuta kumi. Linganisha hiyo 75,000 na 70,000 ya fundi, uone tulivyokuwa tukimwaga.

Kuhamia Windows 11 ni bure kwa mwenye Windows 10 halali, ikiwa kompyuta inakubali. Inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. Ya Shangazi ni Core i5 ya kizazi cha nne. Kuna mafundi watakaokwambia wanaijua njia ya uani, na njia ipo kweli, ila Microsoft hawakuahidi masasisho kwa kompyuta iliyoingilia huko. Ukinunua leseni mpya, Windows 11 ya Home bei yake ya Marekani ni dola 139, karibu 350,000. Kwa duka la mtaani, hiyo ni pesa ya kununulia printa.

Kabla hujailipa, kuna jambo naomba ulisome polepole. Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au baada yake hubeba ufunguo wa leseni ndani ya bodi yenyewe. Ukisimika Windows ya toleo lile lile na aina ile ile, inajitambua ikipata intaneti, hulipi kitu. Tatizo ni aina. Ufunguo ukiwa wa Home na fundi akakusimikia Pro kwa kuona Pro ni jina kubwa, ufunguo hauitiki, na unaanza kuona maandishi hafifu kwenye kona ya skrini yakikuomba uiwashe Windows. Hapo ndipo mipangilio inapofungwa. Windows isiyo na leseni inazima ukurasa wa muonekano, kwa hiyo rangi, picha ya nyuma na upau wa chini vyote vinakuwa kijivu, havibofyeki. Nimekutana na kijana aliyeuziwa kompyuta ya mkononi iliyotumika katika hali hiyo, akaambiwa na muuzaji kwamba "skrini ina hitilafu kidogo". Skrini ilikuwa nzima. Alisimikiwa Home pahala pa Pro, ikajitambua siku ile ile. Na hao wanaokutolea kwenye flashi programu ya bure ya kuiwasha Windows bila leseni, kumbuka kwamba unampa mtu usiyemjua mamlaka yote ya kompyuta unayoandikia nywila ya benki.

Tatizo la Windows yenyewe, kwa mtafuta setingi, ni kwamba ina nyumba mbili. Control Panel imekuwapo tangu Windows ya kwanza ya 1985. Mwaka 2012, Windows 8 ilileta mipangilio mipya kando yake, na tangu hapo vyombo vinahamishwa kimoja kimoja kutoka nyumba kuukuu kwenda mpya, na mpaka Windows 11 uhamisho haujaisha. Mwaka 2024 Microsoft waliandika kwamba Control Panel iko njiani kuondolewa, kisha wakayalegeza maneno hayo. Ndiyo maana maelekezo unayopewa na jamaa yako wa Dar hayafanani na unachokiona. Yeye yuko nyumba moja, wewe uko nyingine.

Wala usidhani fedha nyingi inakununulia utulivu. Mac mini ndogo kabisa ya 2024 ilitoka kwa dola 599, karibu milioni moja na nusu kabla ya usafiri na kodi, bila skrini wala kibodi. Oktoba 2022 Apple waligeuza mipangilio yao yote ifanane na ya simu, wakabadilisha hata jina, na watu waliokuwa wameizoea kwa miaka ishirini wakaanza kutafuta upya kama wageni. Kwa steshenari ya Ngamiani, Mac haimo.

ChromeOS Flex ni bure, inataka RAM ya GB 4, na mipangilio yake ni michache kiasi kwamba hupotei. Ila inategemea intaneti na akaunti ya Google kwa karibu kila kitu, na mteja akija na hati ya Word yenye majedwali mazito unaanza kuhangaika. Ningempa mwanafunzi. Duka, hapana.

Zinabaki Mint na Kubuntu, zote bure. Faili ya kusimikia Mint ni kama GB 3, na ya Ubuntu yenyewe, 24.04, inakaribia GB 6. Ukishushia bando tofauti hiyo unaihisi mfukoni, na ukiwa na rafiki mwenye waya nyumbani huko Raskazone, mbembeleze. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. Inaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusimikwa, ukaijaribu nusu siku, ukachomoa, Windows yako ikarudi ilivyokuwa. Sijui duka la viatu linalokuruhusu hivyo. Mipangilio yote iko kwenye dirisha moja lenye mafungu manne, yaani muonekano, mapendeleo, vifaa na utawala, na kisanduku cha kutafutia juu. Ukibofya baadhi ya ikoni, kama ya printa, linafunguka dirisha jingine lenye sura nyingine, ni kweli, lakini mlango wa kuingilia ni mmoja.

Kubuntu, inayotumia KDE Plasma, ina mipangilio mingi mpaka inachosha. Mtu anaweza kupoteza alasiri nzima akichagua kivuli cha dirisha. Hata hivyo ina kitu kimoja ninachokitamani mifumo yote iwe nacho. Tangu toleo la 5.20 la 2020 unaweza kuiambia ikuangazie mipangilio iliyobadilishwa, na kila ukurasa uliotoka kwenye hali yake ya mwanzo unawekewa kidoti cha rangi. Kompyuta inayoguswa na watu kumi kwa siku, jioni unafungua, unaona kidoti kwenye sauti na kidoti kwenye kibodi, unarudisha. Huhitaji kumshuku mtu.

Ubaya wa Linux kwa steshenari niuseme wazi. Wateja wanakuja na hati za Word, na LibreOffice inazifungua nyingi vizuri lakini si zote. Jedwali linaweza kuteleza, fonti isiyokuwapo inabadilishwa na kurasa zinaongezeka. Mwalimu aliyeleta mtihani wa kurasa nne hataki kusikia habari za programu huria. Printa nazo si zote zinazoitika kwa urahisi. HP wana kifurushi chao rasmi cha Linux, HPLIP, lakini za kampuni nyingine zinategemea modeli. Jaribu kwa flashi kwanza, printa yako ikiwa imechomekwa.

Na lugha? Hapa wote wamepata alama za chini. Windows 10 ina kifurushi cha Kiswahili, kilichoandikwa cha Kenya, na kwenye Linux ukichagua Kiswahili sehemu kubwa hubaki Kiingereza. Cha kusikitisha ni kwamba kazi ilianza mapema. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati ambapo simu nyingi mikononi mwetu zilikuwa hazijui hata kupiga picha. Leo simu ya Shangazi inamwambia "Mipangilio" na kompyuta yake inamwambia maneno asiyoyatumia popote pengine. Kisanduku cha kutafutia kinasaidia kwa mtu anayejua kitu kinaitwaje kwa Kiingereza. Asiyejua kinamrudisha kwa fundi.

Ndipo tukafanya jambo lisilogharimu hata senti. Kwenye Windows, kila ukurasa wa mipangilio una anwani yake, na anwani hiyo unaweza kuitengenezea njia ya mkato kwenye uso wa kompyuta na kuipa jina ulipendalo. Unabofya kulia pahala patupu, unachagua kipya, unachagua njia ya mkato, kisha unaandika ms-settings:printers. Ukibonyeza kuendelea, unaulizwa jina. Nilikaa pembeni, Shangazi akaandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja: PRINTA. Akabofya. Ukurasa wa printa ukafunguka.

"Hee! Bila kuzunguka?"

Tukatengeneza ms-settings:network-wifi, akaiita BANDO. Tukatengeneza ms-settings:powersleep, akaiita KULALA. Ya nne, ms-settings:easeofaccess-display, ambayo kwenye Windows 10 yake inafungua kukuza maandishi, nilipendekeza MAANDISHI, akakataa. Akaandika MACHO. Ya tano ni ms-settings:regionformatting, iliyokuwa KARATASI, kwa sababu ndiko tulikoitoa Marekani. Zote akazikusanya kwenye folda moja, akaiita YA DUKA. Mint inakubali mchezo huo huo kwa amri kama cinnamon-settings fonts au cinnamon-settings power. Anayefika mwanzo wa safari ya kubadilisha mfumo kwa sababu hapati setingi, namshauri aanze na dakika kumi hizi kwanza, aone kama bado ana hamu ya kuhama.

Shangazi hakuhama wala hakubaki. Kompyuta kubwa imebaki na Windows 10, imeingizwa kwenye ule mwaka wa nyongeza bila malipo, na ndiyo inayoshika hati za walimu. Kompyuta ya pili, iliyokuwa imewekwa stoo na kushika kutu kwa upepo wa bahari, tuliifuta vumbi na kuisimikia Mint, ikawa ya wateja wanaoandika wenyewe, kwa njia ya mgeni. Printa ya toneri iliitika mara moja. Ya wino wa rangi haijaitika mpaka leo, na kwa kweli hilo limemfurahisha, maana mteja hawezi kuigusa.

Alibakiwa na ombi moja. Alinyosha kidole kwenye kona ya skrini, palipoandikwa 14:10.

"Na hii? Haiwezi kusema saa nane na dakika kumi kama watu?"

Nilitafuta. Mint inakuruhusu kupanga saa utakavyo, siku mbele, sekunde nyuma, nukta au mstari, lakini kuhesabu kuanzia mapambazuko haiwezi, na ukiidanganya kwa kubadilisha majira ya nchi, barua pepe zitaingia na saa za uongo. Nilimweleza hivyo. Akatazama saa ya ukutani juu ya rafu ya karatasi, nayo inaonyesha mbili na dakika kumi.

"Basi iache," akasema. "Hiyo ya kugeuza kichwani nimeshaizoea."